Swali la Basil Davidson: nani anawalisha?

Kazi ya kwanza ya Basil Davidson ilikuwa kubandika matangazo ya ndizi. Alikuwa ameacha shule akiwa na miaka 16, ameshaamua kwamba atakuwa mwandishi, na kwa kuwa hakuna anayemlipa mwandishi wa umri huo, akawa anazunguka kaskazini mwa Uingereza akigandisha karatasi kwenye vioo vya maduka. Ndizi zenyewe hazioti Uingereza. Zililetwa kwa meli kutoka nchi za joto ambazo kijana huyu hakuwa amewahi kuziona.

Nimeanza na ndizi kwa makusudi. Nimemsoma Davidson kwa miaka mingi, na kila nikirudi kwake naona swali lilelile chini ya kurasa zake: nani amelima, nani amebeba, nani amekula? Hakulitamka hivyo yeye. Hii ni tafsiri yangu. Lakini nadhani ndilo lililomfanya aone mambo ambayo maprofesa wa wakati wake hawakuyaona, na pale alipolisahau ndipo alipokosea.

Alizaliwa Bristol tarehe 9 Novemba 1914, katika mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya watumwa, akafariki tarehe 9 Julai 2010 akiwa na miaka 95. Aliacha vitabu zaidi ya 30. Vitano ni riwaya, ambazo leo hazisomwi sana na sidhani kama zimeonewa. Vilivyobaki ni historia, siasa na vita. Chuo kikuu hakuwahi kusoma. Aliishi kwa kalamu, maana yake ni kwamba kitabu kisipouzika, mkewe Marion na watoto wao watatu wangeliona hilo jikoni kabla ya mhakiki yeyote kuliandika gazetini.

Kwenye magazeti alianzia The Economist mwaka 1938. Vita vilipoanza, idara ya ujasusi ikamtuma Budapest mwishoni mwa 1939, akijifanya mtu wa kuendesha shirika la habari. Wajerumani walipoivamia Yugoslavia mwezi Aprili 1941 alikuwa amekimbilia huko. Waitalia wakamkamata, kisha akaachiwa katika mabadilishano ya wafungwa. Akapelekwa Cairo kusimamia dawati la Yugoslavia katika kikosi cha Waingereza cha vita vya siri. Mwezi Agosti 1943 akashushwa kwa parachuti Bosnia, na baada ya hapo akavuka kwenda Vojvodina.

Hapa nataka tukae kidogo, maana bila Vojvodina hakuna Davidson tunayemjua. Vojvodina, kaskazini mwa Serbia, ni tambarare. Hakuna milima ya kukimbilia ila vilima vya Fruška Gora, na vyenyewe si virefu. Kuna mahindi. Mtu wa Kitale au wa Mbozi hahitaji kuelezwa: mahindi yakiwa marefu unaweza kuficha kikosi kizima, yakishavunwa hata sungura hana pa kujibanza. Wapiganaji wa Tito, kiongozi wa wakomunisti wa Yugoslavia, walifanyaje majira ya baridi? Waliingia ardhini, kwenye mahandaki yaliyochimbwa chini ya nyumba na mazizi ya wakulima, na juu yao mama mwenye nyumba akaendelea kukoka moto na kulisha nguruwe huku Wajerumani wakigonga mlango.

Kazi ya Davidson ilikuwa kuwapelekea wakubwa wake habari kwa redio: wapiganaji ni wangapi, wana silaha gani, wanadhibiti eneo gani. Ofisa wa kawaida angehesabu bunduki. Yeye alijifunza kuchungulia chungu. Mkulima akikataa kutoa mkate, vita vinakwisha siku hiyo hiyo. Akitoa, kijiji chake kinaweza kuchomwa. Kwa hiyo jeshi lililokaa miezi katikati ya tambarare bila kusalitiwa lilikuwa na kitu kikubwa kuliko silaha, yaani idhini ya watu. Haya aliyaandika mwaka 1946 katika Partisan Picture. Wapiganaji wa Liguria nchini Italia, aliowaendea Januari 1945, walimpa ushahidi wa pili: mwezi Aprili Wajerumani wa Genoa walisalimu amri mbele ya wenyeji wa mji kabla jeshi la Washirika halijafika. Akatoka jeshini luteni kanali mwenye nishani.

Amani ilimpeleka The Times, kwanza Paris kisha kwenye meza ya tahariri London. Hakudumu. Vita Baridi vilikuwa vimeanza, na mtu aliyekula na kulala na wakomunisti wa Tito alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 1949 akaondoka, akawa katibu wa jumuiya ndogo iitwayo Union of Democratic Control, halafu akaandikia New Statesman. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1914 na watu akiwemo E. D. Morel, yule karani wa kampuni ya meli aliyegundua, kwa kuangalia tu hesabu za shehena, kwamba Kongo ya mfalme Leopold ilikuwa ikitoa mpira na pembe na kurudishiwa bunduki. Naye alikuwa ameuliza nani analipwa nini. Kumbuka jina la Morel, tutalirudia.

Afrika alikuwa ameionja wakati wa vita, ndege ilipotua Kano akielekea Misri, akaziona kuta kuukuu za mji ule na kujiuliza zimejengwa na nani. Kazi yenyewe ilianza mwaka 1951 alipokwenda Afrika Kusini. Kitabu kilichofuata, mwaka 1952, kilimpatia marufuku ya kurudi huko. Mwaka 1954 akaingia Kongo na Angola, na huko Angola akakuta mfumo wa wale walioitwa wenye mikataba: mtu anachukuliwa kijijini, anapelekwa shambani au bandarini, na mkataba wenyewe ameuona siku ya kutiwa dole gumba, kama ameuona. Miaka 50 hivi kabla yake Mwingereza mwingine, Henry Nevinson, alikuwa ameandika habari za Waangola waliopelekwa kulima kakao São Tomé. Davidson alikuta mambo yamebadilika jina zaidi ya yalivyobadilika sura.

Kisha ukaja mwaka 1959, na kitabu kilichomtoa: Old Africa Rediscovered, ambacho Marekani kilichapishwa kwa jina la The Lost Cities of Africa. Tuliozaliwa baadaye ni vigumu kupata picha ya kishindo chake. Miaka minne baada ya kitabu hicho kutoka, mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, bado alisimama mbele ya hadhira na kusema kwamba historia ya Afrika haipo, ipo tu ya Wazungu waliokuwa Afrika, na mengine yote ni giza. Huyo alikuwa msomi wa kiti cha juu kabisa. Aliyeacha shule na miaka 16 alikuwa ameshampelekea msomaji wa kawaida Kush na Meroe, Ghana na Mali, Zimbabwe, na, kwa kurasa nyingi, pwani yetu.

Sura za pwani ndizo ninazozipenda. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipita pwani ya Tanganyika na visiwa vya Kilwa, akasema hajaona maishani mwake vigae vya vyombo vya Kichina vingi kiasi kile. Vilikuwa vya kuzoa kwa koleo. Aliyetembea Kilwa Kisiwani maji yakiwa yamekupwa anajua hakutia chumvi. Unainama, unaokota kipande cha kijani kibichi chenye mng'ao wa nta, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na huko nyuma kuna Husuni Kubwa yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane juu ya jabali la bahari. Pale Kunduchi makaburi ya nguzo yalipachikwa bakuli za Kichina kama mtu anavyopachika picha ya marehemu.

Waliomtangulia wengi waliona vigae hivyo wakahitimisha kwamba wageni walikuja, wakajenga, wakaondoka. Davidson aliuliza upande wa pili wa mzani: bakuli za China zilinunuliwa kwa nini? Kwa dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe kupitia Sofala, kwa pembe za ndovu, kwa bidhaa ambazo kuna mtu alichimba, kuna mtu aliwinda, kuna mtu alibeba kichwani siku nyingi. Na mji uliolala juu ya biashara hiyo ulikula mtama na samaki wa watu wa hapa hapa. Akasema basi Kilwa ni mji wa Kiafrika wenye dini ya Kiislamu na milango iliyofunguka baharini, lugha yake ikiwa ya Kibantu iliyokaribisha maneno ya wageni. Leo hilo ni jambo la kawaida. Mwaka 1959 lilikuwa la ubishi, na uchimbaji mkubwa wa Neville Chittick hapo Kilwa ulikuwa bado mbele. Chittick mwenyewe alielemea zaidi upande wa wageni. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, ulionyesha mji uliokua taratibu kutoka vibanda vya miti na udongo hadi mawe ya matumbawe, ukaegemea upande wa Davidson.

Sasa niseme na Engaruka. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya Manyara na Natron, kuna magofu ya mawe, ngazi za makazi mlimani na mifereji bondeni. Louis Leakey alifika mwaka 1935 akakadiria nyumba karibu 6,300 mlimani na wakazi 30,000 hadi 40,000. Davidson aliichukua hesabu hiyo na kuupatia mji uliopotea nafasi ya heshima kitabuni. Waliokuja kupima vizuri baadaye, Hamo Sassoon na hasa John Sutton, waliona kitu kingine: vijiji vya wakulima, watu wachache mno kuliko wale, wakimwagilia mashamba ya hekta 2,000 hivi kwa mifereji iliyopangwa kwa akili ya kustaajabisha. Mji haukuwepo. Kinachonikera ni kwamba mwandishi huyu, ambaye kila mahali aliuliza nani anawalisha, hapa jibu lilikuwa limelala miguuni pake, mashamba yenyewe, naye akatafuta mji. Alikuwa anabishana na Ulaya, na kwa Ulaya ushahidi wa ustaarabu ni mji. Mfereji wa maji wa mkulima haukuhesabiwa. Ukibishana na mtu kwa muda mrefu huishia kutumia mizani yake.

Hesabu zilimponyoka pia katika Black Mother ya mwaka 1961, kitabu chake juu ya biashara ya watumwa ya Atlantiki. Alitaja hasara ya watu milioni 50 kwa Afrika, akichanganya waliosafirishwa na waliokufa katika kukamatwa na njiani. Mwaka 1969 Philip Curtin alikaa na vitabu vya meli akafikisha wale waliofika ng'ambo milioni 9.5 hivi; hesabu za sasa, zilizokusanywa safari kwa safari, zinasema waliopakiwa melini walikuwa kama milioni 12.5. Waliokufa kabla ya kufika pwani hawana kitabu cha meli, kwa hiyo mjadala wa hasara yote hautafungwa. Lakini tarakimu ya Davidson ilikuwa ya kukisia, na ilinukuliwa miaka mingi kama vile ni ya kuhesabu. Sehemu ya kitabu iliyobaki imara ni ile ya jinsi biashara hiyo ilivyowageuza watawala wa pwani kuwa mateka wa bunduki: usipouza watu huna bunduki, jirani yako akiuza, atakuja kukuuza wewe.

Aliandikaje vingi hivyo? Alisoma ripoti kavu za wachimbaji, zile zenye vipimo vya mitaro na michoro ya vigae, akaenda mahali kwa miguu yake, akarudi na makala za gazeti. Makala zikazaa kitabu. Kitabu kikazaa kitabu cha shule. Mwaka 1967 Longmans walichapisha historia ya Afrika Mashariki na ya Kati hadi mwishoni mwa karne ya 19, na humo jina la Davidson halikuwa peke yake: aliandika pamoja na J. E. F. Mhina, kwa ushauri wa Bethwell Ogot. Cha Afrika Magharibi kilichokuwa kimetangulia mwaka 1965 aliandika na F. K. Buah wa Ghana, kwa ushauri wa J. F. Ade Ajayi. Kwa watu wa rika langu Davidson alikuwa kitabu cha shule kabla ya kuwa mtu. Tulikariri Kilwa bila kujua kwamba aliyeiandika aliwahi kulala kwenye mashimo ya Serbia. Na nakiri, jina la Mhina tulikuwa tunalipita bila kulitazama, aibu ambayo si ya Davidson.

Mwaka 1960 alifika London kijana mmoja mtaalamu wa kilimo, akitumia jina la bandia la Abel Djassi. Jumuiya ileile ya Morel ikamchapishia kijitabu juu ya makoloni ya Ureno, na Davidson akaandika utangulizi. Jina lake halisi lilikuwa Amílcar Cabral. Hawa wawili walielewana upesi, na sishangai: Cabral alikuwa amezunguka Guinea-Bissau miaka ya 1950 akifanya sensa ya kilimo kwa niaba ya Wareno, anajua kila kabila linalima nini na linamdai nani. Ni mwanamapinduzi aliyeanzia kwenye mpunga.

Ndipo yule ofisa wa Vojvodina akarudi msituni, safari hii na daftari. Aliingia maeneo yaliyokombolewa ya Guinea-Bissau. Mwezi Julai 1968 alikuwa Niassa, Msumbiji, kwenye mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO, chama ambacho ofisi zake zilikuwa Dar es Salaam na ambacho kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu katika jiji hilohilo miezi saba baadaye. Mwaka 1970, akiwa na miaka 55, alitembea kwa miguu mashariki mwa Angola na wapiganaji wa MPLA. Vitabu vya safari hizo vina mambo ambayo waandishi wa vita wengine huyaruka: zahanati ya nyasi ina vidonge gani, kamati ya kijiji inachaguliwaje, mchele wa wapiganaji unatoka wapi. Ureno ilisema wapiganaji wanavamia kutoka nje. Yeye alihesabu vyungu akasema hapana, wanalishwa ndani.

Alikuwa sahihi kuhusu Wareno. Mwaka 1974 utawala wa Lisbon ulianguka, na askari walioupindua walikuwa wamechoshwa na vita hivyohivyo. Kuhusu yaliyofuata hakuona mbali. Cabral alikuwa ameuawa Januari 1973. Mwezi Novemba 1980 jeshi likaipindua serikali ya Guinea-Bissau na ndoto ya kuungana na Cape Verde ikafa. MPLA ikatwaa Luanda, na baada ya muda haikumhitaji tena yule mama wa kijijini wa mashariki: ililishwa na mafuta ya baharini. Hapa lile swali lake lingemfaa kuliko wakati mwingine wowote. Chama kinacholishwa na wanakijiji humsikiliza mwanakijiji. Kinacholishwa na kampuni ya mafuta kina mtu mwingine wa kumsikiliza. Davidson aliwapenda rafiki zake wa msituni kiasi cha kuchelewa kuwauliza nani anawalisha sasa.

Ila alichelewa, hakukataa. Mwaka 1984, akiwa na umri wa kustaafu, aliongoza mfululizo wa televisheni wa sehemu nane juu ya historia ya Afrika, uliopeleka hoja za 1959 sebuleni kwa watu wasiofungua vitabu. Angeweza kuishia hapo na heshima zake. Vyuo vikuu vya Ibadan na Dar es Salaam vilimtunuku shahada yule ambaye hakuwahi kukaa darasani chuoni. Badala yake mwaka 1992, akiwa na miaka 77, akatoa The Black Man's Burden, jina ambalo Morel alilitumia kwa kitabu chake cha mwaka 1920. Humo anasema kwamba dola ya kitaifa yenye mipaka ya kikoloni, ileile aliyosaidia kuipigania kwa kalamu miaka 40, imekuwa pingu kwa Waafrika: imekabidhiwa kwa wachache, imevunja taasisi za wenyeji kama zile za ufalme wa Asante, imewaacha watu wakimbilie ukoo na mlezi wa kisiasa ili waishi. Analinganisha na Ulaya ya Mashariki na Balkani. Mwaka huohuo Bosnia, alikotua kwa parachuti, ilikuwa inawaka.

Kitabu hicho kina udhaifu. Tiba yake, kurudisha madaraka kwa jamii za chini na kuunda miungano ya kikanda, imeelezwa kwa ufupi mno, na mkulima wa Asante anapendezeshwa kuliko alivyokuwa. Watumwa wa Asante hawasemi sana humo. Hata hivyo nakihesabu kitabu chake bora kuliko vyote. Waandishi wa siasa wanaofikisha miaka 77 na kuandika kwamba kile walichokiamini kimeleta balaa ni wachache sana, na wengi wao huandika kwa hasira ya kumlaumu mtu mwingine. Davidson aliandika bila kujitetea.

Anayetaka kumsoma asianze na huko. Aanze na sura za pwani katika kile kitabu cha 1959, akijua kwamba ukurasa wa Engaruka umepitwa, halafu avuke moja kwa moja hadi 1992. Na kile cha 1967 ukikikuta kwa wauza vitabu vya mtumba, jalada limechanika, jina la mwanafunzi fulani limeandikwa kwa wino wa bluu ndani, usikiache kiende kufungia karanga. Kinunue, ufungue ukurasa wa jina, umsome na Mhina.